Makopo ya Udi Yasiyo na Jina

Pale Ghubra, nyuma ya maduka ya mapazia, yupo mwanamke ambaye haya yake ingegawiwa watu, mji mzima wa Maskati ungetembea ukiangalia chini. Jina lake Kawthar. Akipiga chafya peke yake chumbani, huuomba radhi ukuta. Akipewa kiatu kidogo dukani hukinunua hivyo hivyo, akakivaa kwa subira mpaka mguu wenyewe ukubali kupungua. Siku moja aliingia lifti ya jumba moja la maofisi huko Al Khuwair, watu wakajaa mbele yake, akashindwa kuwaambia wampishe ashuke. Basi lifti ilipanda na kushuka naye tangu adhuhuri mpaka alasiri, watu wakamzoea, mmoja akampa na mzigo amshikie, na hakutoka mpaka alipokuja fundi kuipaka mafuta minyororo. Anayebisha na akaiulize lifti.

Haya hiyo ilikuwa na pacha wake, naye ni shaka. Wawili hao walilala kitanda kimoja ndani ya moyo wa Kawthar na wakivutana shuka. Mtu akimsalimu kwa bashasha, Kawthar hujiuliza: huyu anataka nini kwangu? Akimsalimu kwa baridi: huyu kanificha nini? Muuza mboga akimwongezea shada la kotmiri bure, huenda nalo nyumbani akalichambua jani baada ya jani, akitafuta sababu.

Lakini Mungu hamnyimi mja wake kila kitu. Kawthar alipewa mikono. Udi aliupika kama alivyofunzwa na mama yake, na mama yake alifunzwa Unguja, kwenye jiko la mkaa. Sukari aliichemsha mpaka ikivutwa itoe nyuzi, akatia vipande vya udi vilivyolala kwenye mafuta, akatia sandali, miski na ambari, na mwisho kabisa, akishaangalia kushoto na kulia hata kama yuko peke yake, akatia karafuu iliyokaangwa kidogo na kusagwa. Hiyo karafuu ndiyo iliyokuwa siri ya nyumba. Hapa Maskati karafuu wanaijua kwenye pilau na kwenye jino bovu. Kwenye udi hakuna anayeithubutu. Ule udi ukifukizwa Ghubra, paka wa Matrah wanapiga chafya. Na nguo iliyofukizwa nao, hata ukiifua, maji ya povu unaweza kuyatia chupani ukapeleka zawadi ya harusi.

Zamani Kawthar alikuwa akitunza maktaba ya skuli moja, kazi iliyomfaa maana vitabu havisalimu. Skuli ikafunga maktaba, watoto wakapewa tableti za kusomea, naye akarudi nyumbani kwa kaka yake Murshid. Ndipo alipofungua duka la udi kwenye simu. Duka hilo, wallahi, mtu angefikiri ni la magendo. Jina la mwenyewe halikuwamo. Badala ya uso aliweka picha ya ua la waridi. Kopo la udi alilipiga picha gizani, likaonekana kama mtu anayekwepa polisi. Mteja akiuliza umetiwa nini ndani, Kawthar huona mwizi wa siri ya mama yake, akamfungia asiweze kumwandikia tena. Mteja akiuliza duka liko wapi, humfungia pia, maana anataka kupajua ili afanye nini? Wako wachache waliopenya chujio hilo, wakanunua, wakarudi kununua. Wapya hawakuja.

Murshid alikuwa mtu mpole, lakini upole nao una ukingo. Siku moja baada ya chakula cha mchana alimweleza dada yake kwamba rafiki yake anayo nafasi katika ofisi moja Al Khuwair, mshahara mzuri, kiti kizuri, na kiti kinangoja mpaka Ramadhani iingie. Duka likiwa limesimama, vyema, atamwombea radhi rafiki yake. Lisiposimama, watalifunga na Kawthar ataanza kazi.

Kawthar akauliza ni kazi gani. Murshid akasema mapokezi.

Hapo Kawthar alihisi damu imegeuza njia. Mapokezi, yaani kukaa kutwa umeelekea mlango, umpokee kila atakayeingia, na kila atakayeingia ana suali lake, na wewe ucheke naye. Hata adui yake asingemchagulia hivyo.

"Biashara ni watu, Kawthar," Murshid alimwambia. "Wewe unataka kuuza, lakini hutaki kuonekana na mnunuzi. Hata jini anaekaa kwenye chupa hutoka akiitwa."

Na kwa kuwa alimpenda, akaomba namba ya dada yake iingizwe kwenye kundi la WhatsApp la wanawake wenye maduka ya simu. Mwenye kundi alikuwa Bi Nawar wa Bustan, muuza keki za zafarani, mwanamke mwenye sauti ya kuamsha maiti na moyo wa kumlisha akishaamka. Kawthar akakaa ndani ya kundi kama mjusi nyuma ya picha: anasikia yote, haonekani. Wenzake walisalimiana asubuhi, wakajuana, wakapelekeana wateja. Yeye kila salamu aliijibu moyoni ili asipate dhambi, na mkono hakuunyanyua.

Ila macho hayakulala. Katika wateja wake wachache alikuwamo mmoja aliyejiita Umm Loay, yaani mama Loay, na huyo ndiye aliyemtia wahka. Umm Loay alinunua sana kupita mahitaji ya nyumba moja, hata kama nyumba hiyo ina wake wanne na wote hawanuki vizuri. Hakutaka kuletewa mlangoni. Dereva aliambiwa akabidhi mzigo kwenye kituo cha petroli, njia ya kwendea Bustan. Na kila mara aliandika neno lile lile: tafadhali, makopo usiyabandike jina.

Kopo lisilo na jina. Kawthar alilipima neno hilo kila upande. Kwa nini mtu alikatae jina, kama si kwa sababu anataka kubandika lake? Hapana shaka, Umm Loay alikuwa akiuza udi wa watu kwa jina jengine, na mwenye udi yuko Ghubra anakaribia kwenda kukaa mapokezi.

Siku hizo hizo Bi Nawar akaalika kundi zima nyumbani kwake Bustan, Alkhamisi alasiri, watu waonane nyuso, kila mmoja aje aeleze anauza nini. Kawthar alikwisha kuamua kuumwa siku hiyo. Halafu Fajr, kijana mmoja wa kike wa kundi hilo anayeuza nguo za watoto, akatuma sauti yake akisema anakuja kwa ajili ya ule udi wa Bi Nawar tu, udi wenye harufu ambayo haijulikani ni ya nini. Bi Nawar akajibu, akicheka, kwamba asijisumbue kuuliza: huo ni udi wa marehemu bibi yake, siri ya nyumba.

Kawthar akairudia sauti ile mpaka simu ikapata moto. Bustan. Harufu isiyojulikana. Bibi yake!

Haya ilimwambia kaa. Shaka ikamwambia vaa. Akavaa.

Akachukua na kopo moja la udi wake akalitia mkobani, liwe ushahidi. Alipofika Bustan aliizunguka nyumba ya Bi Nawar na gari mpaka gari lenyewe likashikwa na kizunguzungu, likasimama penye geti bila ya kuulizwa. Ndani viatu vilijaa kama mbele ya msikiti siku ya Ijumaa. Majlisi nayo imejaa wanawake, mmoja baada ya mmoja wamejipanga migongo ukutani. Na desturi ni ile ile: anayeingia huanza upande wa kulia, akampa mkono kila aliyekaa, shavu kwa shavu, habari za nyumbani, habari za wazee, mpaka amalize duara. Siku nyengine yoyote Kawthar angekata roho kwa mtu wa tatu. Siku hiyo hakuja kusalimu. Alikuja kunusa.

Akainama kwa wa kwanza, shavu likagusa shavu, pua ikaenda begani. Udi wa dukani, huyu hana hatia. Wa pili anatoa harufu ya vitunguu tu, maskini. Akafika kwa Fajr, akavuta pumzi, na ile karafuu ikamjia puani kama mtoto aliyepotea akimwona mama yake. Alitaka kumshika ukosi. Akajizuia, akenda mbele. Bega la jirani yake Fajr, karafuu. Bega la mwanamke anayeuza asali, karafuu. Na karibu na mlango wa jikoni alikaa Bi Mahbuba, mtu mzima anayepamba maharusi Maskati nzima, mwanamke ambaye bibi arusi akimkosa, harusi husogezwa. Kawthar alimbusu mkono kwa heshima, na mtandio wa Bi Mahbuba ukamfukizia karafuu usoni.

Kawthar akakaa. Alidhani atamkuta mwizi, kumbe amekuta genge.

Basi akaanza upelelezi. Mtu ambaye hajapata kumuuliza mtu saa, siku hiyo aliuliza mpaka midomo ikakauka. Alianza na Fajr, akamsifia udi wake na kumuuliza anautoa wapi. Fajr akasema anatumiwa na shangazi yake Salalah. Kawthar akasogea kwa jirani. Jirani akasema wake unatoka Dubai, duka limefungwa, mwenye duka amekufa. Mwanamke wa asali akasema yeye hafukizi kitu, ndivyo alivyozaliwa. Kila mmoja alijibu haraka, na kila mmoja aliangalia pembeni. Na kwa kuwa si adabu kumuuliza mtu udi tu kama mtu wa forodha, Kawthar ilimbidi aulize na mengine: unauza nini, ulianzaje, wateja wako wakoje. Nao wakamweleza, maana nani hapendi kuulizwa? Fajr akamlilia kuhusu wateja wanaorudisha nguo watoto wakishazivaa Idi. Mwanamke wa asali akamfunza jinsi ya kumjua mtu anayenunua na mtu anayepoteza muda. Walipomuuliza yeye anauza nini, alisema vitu vya nyumbani, akageuza maneno. Wakamwona mwanamke wa siri kubwa, wakazidi kumsogelea.

Hata hivyo ushahidi wa pua peke yake hautoshi. Nyumba yenyewe ilikuwa imefukizwa tangu asubuhi, pengine pua yake imelewa. Akapata wazo: auwashe udi wake pembeni, aulinganishe. Bi Nawar alikuwa chumba cha pili akimaliza kupamba keki. Kawthar akaponyoka mpaka jikoni, akamkuta Kidawa, mwanamke wa Korogwe anayefanya kazi hapo, akisimamia sufuria la biriani linalotosha jeshi. Akamwomba kaa moja la moto na chetezo.

Kidawa alimwangalia juu mpaka chini. "Chetezo saa hizi, dada? Wali wenyewe ndo kwanza nimeutia maji."

"Nnataka kunusa kidogo tu."

"Ukanuse. Mimi sina neno," alisema Kidawa akilichota kaa kwa koleo. "Lakini nyie watu na moshi wenu mna sheria, mtu wa Korogwe siziwezi. Wa kuni huo hapa jikoni, haumfukuzi mtu."

Kawthar hakusikia. Mtu aliyeshikwa na shaka huwa na masikio ya pambo. Akalitia kaa kwenye chetezo, akatupia punje ya udi juu yake, moshi ukapanda, akasimama penye mlango wa majlisi akinusa: mara akielekea chetezo, mara akielekea wageni. Ndiyo yenyewe. Ni ule ule, hauna hata mjomba mwengine.

Sasa mtu wa mbali ni lazima aelezwe, la sivyo atadhani kilichofuata ni uchawi. Kwa watu wa huku, na kwa kila aliyelelewa na watu wa huku, udi ndio kuagana. Mgeni akifika hupewa tende, halwa na kahawa. Baadae chakula. Mikono ikishanawiwa huletwa chetezo, kikazunguka kutoka mkono kwa mkono, kila mtu akajifukiza nguo na nywele, akapakwa na marashi, akaaga. Udi ukishapita hakuna kukaa. Mwenyeji hamwambii mgeni "nenda", hiyo ni aibu ya ukoo; chetezo ndicho kinachosema kwa adabu, na hakuna aliyezaliwa wa kukibishia.

Bi Mahbuba, aliyekaa hapo mlangoni, aligeuka akakiona chetezo kinafuka. Uso wake ulishangaa, lakini mkono wake umefunzwa miaka. Akainuka nusu, akakipokea kutoka mikononi mwa Kawthar, akakipitisha chini ya mtandio, akampa wa pili yake.

Kawthar akafungua mdomo aseme sivyo. Sauti haikuja. Wa pili akampa wa tatu. Wa tatu akajifukiza akimtupia jicho jirani yake, na jirani akalirudisha jicho hilo, na minong'ono ikaanza kutambaa chini ya moshi. Kahawa yenyewe haijapoa! Kulikoni? Nani kamuudhi mwenyeji? Pengine Fajr kwa kuulizauliza habari za bibi yake. Pengine chakula hakikutosha. Mmoja akasema aliona tangu mwanzo kuwa halwa ilikuwa kidogo, na halwa ilikuwa sinia zima. Chetezo kilikuwa hakijamaliza duara, lakini mikoba imeshashikwa, na wa mbele wanatafuta viatu.

Bi Nawar akatoka na keki yake mikononi, zafarani inang'ara, akawakuta wageni wote wima.

"Nawar, Mungu akuongeze," alisema Bi Mahbuba kwa sauti ya mtu aliyetukanwa kwa hariri. "Tumekula wema wako."

Bi Nawar alikiona chetezo. Keki ikamyumba mikononi. Hakuuliza nani, maana kuuliza ni kukiri kwamba hata mambo ya nyumba yake hayajui. Alibaki kuganda, na rangi yake ikawa ya unga.

Hapo Kawthar alikuwa na njia mbili, aseme au atoke, na zote alizipima. Hakuna aliyekuwa na hakika nani aliyewasha. Angevaa viatu vyake akatoka katikati ya wengine, kabla ya magharibi Maskati yote ingejua kwamba Nawar wa Bustan anaalika watu na kuwafukuza na njaa zao. Mwizi angekuwa amejinyonga kwa kamba yake mwenyewe. Haya ikasema tutoke. Hata shaka, kwa mara ya kwanza, ikakubaliana nayo. Mguu mmoja wa Kawthar ulikwisha kuingia kiatuni.

Bi Mahbuba, akijifunga mtandio, akamnong'oneza Fajr: "Na hakuona haya kutufukuza kwa udi wa bibi yake."

Udi wa bibi yake.

Kitu kikapasuka kifuani mwa Kawthar, na wako wanaosema kilisikika mpaka kwenye hoteli kubwa ya Bustan, wahudumu wakadhani ni sinia limeanguka. Alitupa kiatu. Akaenda akasimama mlangoni, mkono mmoja huku na mmoja huku, kama mlinda goli.

"Hatoki mtu," alisema. Sauti ilitoka kavu, lakini ilitoka. "Udi huo si wa bibi yake mtu. Ni wangu. Nnaupika mwenyewe, Ghubra, na mama yangu ndie alienifunza. Nimeuwasha mimi, nlikuwa nnataka kuunusa, si kuwatoa. Bi Nawar hana kosa kwa hilo. Kwa mengine, sijui bado. Naitwa Kawthar. Rudini mkae, wali haujaiva."

Fajr ndiye aliyeanza.

"Wewe ndie ua la waridi?"

"Ndie mimi."

"Mie nlikuandikia usimuuzie mtu mwengine hapa mjini, ukanifungia. Tokea hapo nnanunua kwa jina la dada yangu. Na wa Bi Nawar nliuulizia nijue kama ni huu huu."

Alipokwisha kusema hayo ndipo alipokumbuka shangazi wa Salalah, akaufunika mdomo kwa mkono. Jirani yake akamwambia ahaa, kumbe. Na yeye alipoulizwa lile duka la Dubai limefufuka lini, akaanza kukisifu kitambaa cha mto. Mwanamke wa asali aliyezaliwa na harufu yake akainama kukaza kamba ya kiatu, na kiatu chake hakikuwa na kamba. Kumbe karibu nusu ya majlisi ilikuwa ni wateja wa Kawthar, kila mmoja na jina la uongo, kila mmoja akimficha mwenzake. Bi Mahbuba alikaa chini akacheka mpaka mtandio ukamwanguka. Yeye alikuwa akiwaambia maharusi kwamba udi ule unaletwa na majini wa Bahla, mji unaosifika kwa uchawi, tena kwa ahadi maalumu.

Bi Nawar akaiweka keki mezani.

"Umm Loay mie," alisema.

Kawthar akamkazia macho. "Huna mtoto anaeitwa Loay. Kwenye kundi hujamtaja hata siku moja."

"Loay paka wetu."

"Na makopo yasiyo na jina? Unabandika lako unauza."

Bi Nawar alimshika mkono, akampeleka stoo, akamfungulia kabati. Makopo yalikuwamo yote, yamepangwa kwa adabu: hili lina vifungo, hili iliki, hili pini za mitandio. Hakuna hata moja lililobandikwa jina la mtu. Kawthar akaangalia nyuma ya kabati pia, na chini yake, na ndani ya friji, na Bi Nawar akamngoja kwa subira.

"Bibi yangu hakuwahi kupika udi, Mungu amrehemu, alikuwa hata maji yanamuungulia," Bi Nawar alisema. "Lakini sikiliza, mwanangu. Mtu atakuonesha nyumba yake, ataonesha dhahabu yake, mume wake pia kama yuko macho. Anakotoa udi wake hakuoneshi. Akikuonesha leo, kesho mtaa mzima unanukia kama yeye. Mie nilitaka nikipita, watu wageuke."

"Na mie niuze kwa nani, kama kila anaeupenda ananificha?"

Bi Nawar alifikiri. "Hilo hatukulitia hesabuni," alisema. "Na wewe mwenyewe ulikuwa ukijificha. Tukaona unapenda."

Kawthar alirudi majlisi akakuta amewekewa nafasi katikati, si pembeni alipopazoea, na akakaa, maana kuhama kungetaka maneno mengi zaidi. Biriani ikaja. Walimuuliza na akajibu, mengine vizuri, mengine akiitazama sahani. Mwanamke mmoja alimuuliza kwa sauti tamu udi unatiwa nini, na Kawthar akamjibu, naye kwa sauti tamu, kwamba unatiwa udi. Watu wakacheka, akashangaa kuona kwamba mtu anaweza kumkatalia mtu usoni na bado akapitishiwa kachumbari.

Bi Mahbuba aliponawa mikono alimwita karibu. Mbele yake ziko harusi mpaka Ramadhani, alisema, na mama zao maharusi ni watu wa kubana maswali. Anataka udi wa kila harusi, kila bibi arusi wa kwake mbali, asifanane na mwenzake. Lakini hawezi kumpelekea mama mtu ua la waridi. Atamhitaji Kawthar mwenyewe, aje na makopo yake, akae mbele ya hao wamama, aseme. Ya kwanza Jumamosi.

Kawthar akauliza wamama hao watakuwa wangapi, wanatoka ukoo gani, na kwa nini harusi yao iko haraka hivyo. Bi Mahbuba akasema maswali yote hayo akawaulize wao.

"Ntakuja," alisema Kawthar.

Ukafika wakati wenyewe wa udi, na hakuna aliyethubutu kukigusa chetezo. Bi Nawar akakiwasha, akamkabidhi Kawthar mbele ya watu, akamwambia aliyewatoa mwanzo awatoe tena. Akakizungusha. Kila aliyemfikia alimwambia jina lake la kweli, na wengine waliongeza na la uongo walilokuwa wakinunulia, ili daftari lake lijue. Na siku hiyo desturi iliona maajabu: udi ulikwisha kupita, watu wamevaa viatu, wamesimama barazani mpaka adhana ya magharibi, na hakuna aliyekwenda. Kila mmoja alimvuta Kawthar pembeni na kumwomba kitu kimoja, kwamba amchanganyie wake peke yake, na mwengine asiambiwe. Kawthar aliwaahidi wote. Alipokuwa akiwaahidi aliwatazama machoni, kwanza kwa kutaka kuona nani anadanganya. Kisha akasahau kwa nini anatazama, akaendelea kutazama.

Alikuwa bado yuko njiani kurudi Ghubra Murshid alipompigia simu. Rafiki yake wa Al Khuwair amemuuliza, alisema, anataka jibu la kile kiti.

Kawthar akamweleza habari za Bi Mahbuba, za harusi, za Jumamosi. Murshid akamuuliza kama ana hakika ataweza kukaa mbele ya wamama wote hao.

"Hakika sina," alisema Kawthar. "Haya nnayo bado, na hao wamama siwaamini hata mmoja. Lakini ntakwenda. Kiti mwambie ampe mtu mwengine."

Murshid akasema vyema, atamwambia.

"Na wewe, kaka," Kawthar akaongeza, "muulize vizuri huyo rafiki yako. Kiti kizuri, mshahara mzuri, halafu miezi yote hii kiko wazi. Aliyekuwa amekikalia kaenda wapi?"